Gitaa la Safari kwa Bajeti ya Kawaida: Kipi Kipunguzwe, Kipi Kibaki

Machi 2008 mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, alikuwa safarini kwenda Nebraska. Ndege ilipotua Chicago, abiria mmoja aliyekuwa akichungulia dirishani alipaza sauti kwamba wapakia mizigo wanarusha magitaa. La Carroll, Taylor ya bei kubwa, lilifika likiwa limevunjika. Kulitengeneza kulimgharimu dola 1,200 hivi, na baada ya miezi mingi ya simu na barua shirika la ndege lilikataa kumlipa. Akatunga wimbo wa malalamiko, akauweka YouTube Julai 2009, na mamilioni ya watu wakautazama.

Tangu hapo, kila gitaa la safari linapozungumzwa, hofu ya kwanza ni ndege. Marekani ilitunga sheria mwaka 2012, na kanuni zake zikatangazwa mapema 2015: abiria anaruhusiwa kuingia na gitaa ndani ya ndege ikiwa linaenea kwenye kabati la juu au chini ya kiti, ilimradi nafasi ipo wakati anapopanda. Uzito wote uko kwenye sharti hilo la mwisho. Aliyepanda akakuta makabati yamejaa hana cha kudai. Isitoshe, sheria hiyo inayabana mashirika ya Marekani tu. Kwingineko kila shirika lina utaratibu wake, na urefu unaotajwa sana kwa mzigo wa mkononi ni sentimita 55 au 56. Gitaa kamili la nyuzi za chuma lina urefu wa kama mita moja. Hata yale yanayosifiwa kuwa ya safari, Baby Taylor na Little Martin, yana sentimita 86 hivi.

Hapo ndipo matangazo mengi yanaponyamaza. Gitaa dogo halitimizi kipimo cha ndege kilichoandikwa. Linapita kwa sababu mhudumu ameona ni dogo akaamua kutolisumbua. Anayelipia udogo peke yake, akidhani amenunua haki ya kuingia nalo, amenunua huruma ya mtu mwingine.

Kwa msafiri wa basi la Mwanza, wa treni ya Mombasa au wa boti ya Unguja, mambo yanayotisha ni mengine kabisa. Kuna buti la basi lililopigwa jua kutwa nzima, ambamo joto linaweza kulainisha gundi inayoshika daraja la nyuzi. Kuna masanduku yanayorundikwa juu ya begi laini. Kuna unyevu wa pwani, halafu ukavu wa bara, ndani ya siku moja. Na kuna bodaboda, ambako gitaa hubebwa mgongoni na shingo yake hutokeza juu ya kichwa cha abiria, tayari kugonga tawi au mlango. Kabla ya kuuliza lipi linafaa, mnunuzi ajiulize linasafiri kwa chombo gani na linakwenda kumpigia nani.

Swali hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza, na ndilo linalosahauliwa. Mtu anayetaka kufanya mazoezi chumbani bila kumwamsha jirani, na mtu anayetarajiwa kuongoza nyimbo kwenye kambi ya vijana wa kanisa, hawawezi kutumia chombo kimoja. Mwenye pesa nyingi hununua viwili. Mwenye pesa kidogo lazima akubali kupoteza kitu, na hekima yote ya ununuzi huu iko katika kuchagua cha kupoteza.

Watengenezaji wamejaribu njia kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Martin ya Nazareth, Pennsylvania, ilianza kutoa Backpacker, gitaa lililobuniwa na Bob McNally. Ni jembamba mithili ya kasia, tumbo lake limechongwa hadi kubaki kama mwendelezo wa shingo, lakini nyuzi zake zina urefu wa sentimita 61, kwa hiyo vidole havipotei sana. Mwaka 1994 Backpacker moja iliruka angani na chombo cha anga za juu cha Columbia. Kwa mtu anayekwea mlima na kuhesabu kila gramu, ni chombo cha kuheshimiwa. Kwa wengine wengi halifai: sauti yake ni nyembamba, haina besi, na kwa kuwa tumbo ni jepesi kichwa huelemea chini, hivyo mpigaji hawezi kukaa nalo bila mkanda.

Traveler Guitar ya California ilifuata wazo tofauti. Ilikata kichwa cha gitaa na kuhamishia funguo za kukazia nyuzi ndani ya tumbo, urefu wa nyuzi ukabaki wa kawaida huku chombo kizima kikifupika. Ni ubunifu mzuri, na mkono wa kushoto haujui kama kuna kilichopungua. Lakini tumbo ni kipande cha mbao kisicho na uwazi wa kukuza sauti, kwa hiyo gitaa linategemea vifaa vya masikioni au spika. Silent Guitar ya Yamaha iko kwenye ukoo huohuo, ila bei yake iko juu zaidi. Msafiri anayefika mahali umeme umekatika na kuombwa wimbo mmoja ataona upungufu wake mara moja.

Kuna pia magitaa ya kukunja shingo, kama ya Voyage-Air, na ya kuchomoa shingo, kama ya Journey Instruments, ambayo huingia kwenye begi la mgongoni. Hayo ndiyo yanayoukaribia kweli mzigo wa mkononi wa ndege bila kunyang'anywa sauti yake. Ubaya wake ni mmoja: bei ya mengi huanzia pale ambapo bajeti ya kawaida imeshakwisha.

Kwa hiyo mnunuzi wa kawaida anarudi kwenye gitaa dogo la shingo isiyotoka, na hapo inafaa kutua kidogo, kwa sababu madogo hayalingani.

Uzi wa gitaa unafuata kanuni ya fizikia isiyo na upendeleo. Ukiufupisha bila kubadilisha unene, na ukataka noti ileile, mvuto wake lazima upungue, tena kwa kipeo cha pili cha urefu. Taylor kamili ina nyuzi za milimita 648. Baby Taylor, iliyotoka 1996, ina 578. Tofauti ya urefu ni kama asilimia 11, lakini mvuto unashuka kwa karibu asilimia 20. Yamaha JR1 na JR2, zenye milimita 540, zinashusha mvuto kwa takribani asilimia 30. Mpigaji huyahisi hayo moja kwa moja: nyuzi zinalegea, zinagonga freti, na akibonyeza kwa nguvu noti inapanda juu ya mahali pake. Watu wengi hulilaumu gitaa kwamba halishiki tuni, kumbe mkono uliozoea gitaa kubwa ndio unaovuta nyuzi.

Dawa yake ni rahisi na bei yake ni ndogo: nyuzi nene zaidi. Gitaa kamili linalovaa nyuzi za 12 hadi 53 likifupishwa lionjeshwe za 13 hadi 56, ikiwa mtengenezaji anaruhusu. Taylor yenyewe huifungia GS Mini, gitaa lake jingine dogo, nyuzi za unene huo. Kubadilisha nyuzi kunaweza kuokoa gitaa ambalo mwenyewe alikwisha kata shauri kuliuza.

Tatizo la pili halina dawa ya bei rahisi. Uzi mzito wa E hutikisika mara 82 kwa sekunde, na tumbo dogo halina hewa ya kutosha kuisindikiza noti ya chini namna hiyo. Sauti inayobaki ni ya kati na ya juu. GS Mini, iliyotoka 2010, ilipata sifa kwa sababu ilikataa kupunguza kupita kiasi: nyuzi milimita 597, tumbo lenye kina, mgongo uliopindwa. Inatoa sauti ya gitaa la kweli. Lakini bei yake Marekani inazidi dola 500, kabla ya usafirishaji na kodi za kuingizia, na kwa wengi huo si mfuko mdogo tena.

Mtu akishuka chini kabisa atakutana na guitalele ya Yamaha, yenye nyuzi za nailoni na urefu wa milimita 433 tu. Hapa mtengenezaji hakupambana na fizikia. Alipandisha tuni nzima hadi A, sawa na kufunga kepo kwenye freti ya tano, ili nyuzi zibaki zimekaza. Vidole vinacheza maumbo yaleyale. Anayeshika C anasikia F. Kwa anayetunga nyimbo peke yake njiani ni chombo kinachostahili pesa yake ndogo. Kwa anayetaka kumsindikiza mwimbaji au kukaa na mpigaji mwingine, kila wimbo unahitaji kuhamishwa ufunguo, na hilo huchosha haraka.

Anayeona aibu kushika gitaa dogo la plaiwudi akumbuke magitaa ya Gallotone. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilitengeneza magitaa ya bei nafuu yaliyoenea kusini na katikati ya Afrika katika miaka ya 1950, na ndani ya tundu la mengine ilibandikwa karatasi ya kuhakikisha kwamba hayatapasuka. Moja aina ya Champion, dogo kuliko gitaa kamili, lilifika Liverpool na kuwa gitaa la kwanza la John Lennon mwaka 1957. Mwaka 1999 liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's mjini London kwa zaidi ya pauni 155,000. Magitaa hayo yalipendwa kwa sababu yalivumilia hali ya hewa na bei yake ilifikika.

Miaka hiyohiyo ya 1950, mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, mji wa Katanga, Kongo, unaoitwa leo Likasi, na "Masanga" ikatolewa kwa lebo ya Gallotone. Mwenda aliimba kwa Kiswahili na alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi na wenzake wa mtindo wa gitaa uitwao omutibo waliongezea mlio wa chupa ya soda iliyokwaruzwa kushika mwendo. Anayechagua gitaa ana la kujifunza kutoka mitindo hiyo. Gitaa dogo linaloonewa na mkono wa kuchapa rizimu kwa nguvu huchangamka linapopigwa kwa vidole: gumba linabeba besi kwa mpangilio, noti hazisongamani, na kile ambacho tumbo halina kinazibwa na ufundi wa mpigaji. Anayepiga kwa vidole anaweza kushuka hadi milimita 578 bila kujuta. Anayechapa, hasa mbele ya watu wanaoimba, asishuke chini ya 590 hivi.

Isipokuwa kama ana spika. Mwanamuziki wa Uingereza Ed Sheeran alijaza uwanja wa Wembley usiku tatu Julai 2015 akiwa peke yake jukwaani, na magitaa aliyoshika yalikuwa madogo ya Martin. Sauti iliyofika kwa watu ilitoka kwenye pikapu, yaani kinasa sauti cha gitaa, na mitambo. Ukubwa wa tumbo haukuwa na kazi kubwa pale. Kwa mpigaji wa kanisani au wa hotelini hili lina maana ya moja kwa moja: pesa iende kwenye pikapu kabla ya kwenda kwenye ukubwa au mbao. Pikapu ya kubandika au ya kubana kwenye tundu inatosha kuanzia, na inaweza kuhamia gitaa lijalo.

Mbao ndizo zinazowafanya wanunuzi wengi wapoteze pesa. Muuzaji atasema kwa fahari kwamba ubao wa juu ni mbao nzima. Ni kweli kwamba ubao wa namna hiyo hutoa sauti pana kuliko plaiwudi. Lakini mafundi hupendekeza gitaa likae kwenye unyevunyevu wa asilimia 45 hadi 55, na Dar es Salaam hupita kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka, huku Dodoma wakati wa kiangazi ikishuka chini yake. Ubao mzima ukifyonza unyevu wa pwani huvimba, daraja linainuka, na nyuzi zinakaa mbali na ubao wa vidole. Ukipelekwa bara, mbao husinyaa na ncha za freti hutokeza pembeni zikichoma mkono. Ukavu ukizidi, ubao hupasuka. Plaiwudi, ambayo tabaka zake zimepishanishwa ili moja izuie nyingine kutanuka, hupitia yote hayo kwa utulivu zaidi. Little Martin imekwenda mbali zaidi kwa kutumia tabaka za karatasi na utomvu zilizoshindiliwa kwa joto, zile za jamii ya meza za jikoni. Wapo wanaoidharau kwa hilo. Kwa gitaa la kupanda na kushuka mabasi, dharau hiyo haina msingi.

Miaka ya karibuni kampuni ya Enya ya China imeleta Nova Go, gitaa la inchi 35 lililomiminwa kwa plastiki ngumu iliyochanganywa na nyuzinyuzi za kaboni. Ni dogo kuliko gitaa kamili, haliogopi mvua wala chumvi, na bei yake iko upande wa magitaa ya wanaoanza, mbali sana na ya magitaa ya kaboni tupu kama RainSong. Mlio wake ni mkali, na wapenzi wa mbao watalinung'unikia. Tatizo kubwa zaidi liko kwa fundi: gitaa la mbao likipasuka, fundi wa mtaani mwenye gundi nzuri na vibanio anaweza kulirudisha, hili likipasuka, kazi yake ni ngumu.

Yote yakipimwa, kwa kiasi kinachopungua dola 250 uamuzi wenye akili ni gitaa la plaiwudi la ukubwa wa robo tatu, kama Yamaha JR2 au Ibanez PF2MH, au hilo la Enya kwa mwenye safari za maji. Anayeweza kupita dola 400 aangalie Baby Taylor na Little Martin. Kati ya hayo mawili, Little Martin hustahimili hali mbaya ya hewa zaidi, na Baby Taylor huwa rahisi kulirekebisha, kwa kuwa shingo yake imefungwa kwa skrubu mbili zinazoonekana wazi juu ya ubao wa vidole.

Chaguo moja halitangazwi sana, nalo ndilo lenye thamani kubwa kwa pesa: gitaa la nailoni la robo tatu, lile linalouzwa kwa ajili ya wanafunzi wa shule. Nyuzi zake zote kwa pamoja huvuta kilo 40 hivi au pungufu, wakati za chuma kwenye gitaa kamili huvuta zaidi ya kilo 70. Kwa hiyo shingo haipindi upesi, daraja haling'oki kirahisi, na vidole haviumi. Hapo ipo hatari inayoonekana mara kwa mara kwenye meza za mafundi: mtu hununua gitaa la nailoni, uzi mmoja ukikatika anavalisha seti ya chuma kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Wiki chache baadaye tumbo limevimba au daraja limebanduka. Seti moja ya nailoni ya akiba kwenye mfuko wa begi inazuia hasara hiyo yote.

Dukani, jina la kampuni liwekwe kando kwanza. Gitaa lishikwe kichwa kikiwa juu ya jicho na shingo itazamwe urefu wake wote, kuona kama imepinda au kujisokota. Kila uzi upigwe kwenye kila freti, taratibu, kusikiliza panapogonga. Halafu programu ya kutuni kwenye simu iwashwe: uzi ukiwa wazi umetuniwa sawasawa, noti ya freti ya 12 iwe ileile oktavu moja juu. Ikipotoka kwa kiasi kinachoonekana wazi, hasa kwenye nyuzi zaidi ya moja, gitaa hilo litapiga uongo maisha yake yote, na nyuzi mpya hazitaliponya kabisa. Kwenye freti hiyohiyo ya 12, nafasi kati ya freti na uzi mnene wa chuma ikiwa milimita 2.5 hivi ni nzuri. 4 ni mateso. Nafasi inaweza kushushwa, na ndiyo maana sehemu ya bajeti itengwe kwa fundi tangu mwanzo. Gitaa la dola 150 lililopangwa vizuri na fundi hulishinda kwa urahisi la dola 300 lililotolewa kwenye boksi likapigwa hivyohivyo.

Begi nalo lihesabiwe ndani ya bei. Magitaa mengi huvunjika penye kiungo cha kichwa na shingo, pale chombo kinapoanguka kwa mgongo na kichwa kinabaki na nguvu ya kuendelea kwenda. Fulana iliyokunjwa chini ya shingo, kichwa kikielea bila kugusa begi, huondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Kulegeza nyuzi kidogo kabla ya safari ya joto kali pia husaidia.

Kwa anayenunua mtumba kuna jambo la mbao na mipaka. Kuanzia Januari 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia, ukiwemo mpingo unaovunwa kusini mwa Tanzania na unaotumika kwa klarineti na obo, iliwekwa chini ya masharti ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na biashara ya vyombo vya muziki ikalemewa na vibali. Malalamiko yalikuwa mengi, na tangu Novemba 2019 vyombo vilivyokamilika vimesamehewa. Mti mmoja wa jamii hiyo, Dalbergia nigra wa Brazil, ulibaki kwenye orodha kali uliyowekwa mwaka 1992. Gitaa la zamani lenye mgongo au ubao wa vidole wa mti huo linahitaji karatasi kila linapovuka mpaka, hata likiwa dogo na la bei poa. Aliyepata zee la namna hiyo kwa bahati alitumie nyumbani, na barabarani abebe la plaiwudi.